Lori Lililozaa Oili

Kila asubuhi, shangazi yangu akiwa bado anahangaika na makufuli ya duka, mimi huwa nimeshafungua boneti ya pikapu yake. Nachomoa kijiti cha oili, nakifuta kwa kitambaa, nakirudisha, nakichomoa tena, nakitazama. Ikiwa imepungua naongeza kidogo kutoka kwenye chupa yangu. Nafunga. Nanawa. Hapo ndipo siku yangu inapoanza.

Wiki iliyopita kijiti kilikuwa bado mkononi mwangu nilipohisi kimenyakuliwa.

Alikuwa Mjomba. Mjomba ndiye fundi mkuu wa uani kwetu, na si mjomba wa mtu yeyote. Ni jina alilojipa ili awe na haki ya kumtania kila anayeingia.

Alikiinua kijiti kwenye mwanga. Akakinusa kama mtu anayeonja mchuzi. Akakinusa tena kama mtu aliyegundua nzi ndani ya huo mchuzi.

"Sailensa," aliniita. "Hii oili umeitoa wapi?"

"Kwenye chupa."

"Sema kwa sauti, mwanangu. Mimi sikai kooni mwako."

"Kwenye chupa!"

"Chupa ya nani?"

Nikaanza kukikunja kitambaa changu upya.

"Kwa sababu hii si oili," alisema Mjomba. "Hii ni dizeli iliyovaa koti la oili."

Msomaji wangu uliyeingia leo ukakuta boneti iko wazi na watu wamenuna, vuta kigoda nikueleze tulikotoka.

Mimi ni binti niliyetoka chuo cha ufundi na cheti cha injini za dizeli, pamoja na sauti inayoweza kumbembeleza mtoto mchanga lakini haiwezi kumwamsha. Shangazi alinipokea kwenye duka lake la spea za malori, akaniweka kaunta. Mteja anauliza, najibu. Anasema, "Unasemaje?" Narudia. Anasema, "Eti?" Narudia tena. Anavuka barabara kwenda duka la jirani.

Shangazi alivumilia, kisha akanihamishia uani kwenye gereji. "Huko kaongee na vyuma," aliniambia. "Havina haraka."

Uani ndiko nilikobatizwa Sailensa, kama kile kidude kinachozuia kelele za bomba la moshi. Na uani huko huko ndiko Taratibu alikonikuta.

Taratibu ni dereva. Lori ni lake mwenyewe, la bluu, kuukuu, amelinunua kwa jasho la miaka na ndilo shamba lake, ng'ombe wake na nyumba yake. Kwenye bampa ameandika TARATIBU, na watu wakalihamisha jina kutoka kwenye bampa hadi kwa mwenyewe. Anaendesha hivyo. Anaongea hivyo. Anatabasamu hivyo pia: tabasamu linaanza kwenye jicho moja, na kabla halijafika kwenye jicho la pili wewe umeshaangalia chini.

Siku ya kwanza alikuja kununua kifuniko cha redieta. Siku ya pili hakuwa na cha kununua. Alisimama mbele yangu ameshika chupa ya maji iliyojaa kitu cheusi.

"Dada, nimekuletea."

"Nini?"

"Oili."

Nikaitazama chupa. Nikamtazama yeye.

"Lori langu halili oili," alisema. "Wenzangu wanaongeza, langu linazaa. Kila nikipima nakuta imezidi. Nikasema kilichozidi nimpe nani?" Akameza mate. "Nikakukumbuka."

Nyuma yangu Mjomba aliangusha spana makusudi. "Jamani! Wenzake wanaletewa marashi, huyu anapimiwa oili!"

Nilipokea kwa mikono miwili.

Baada ya hapo kila Taratibu alipopita kwenda mlimani na mzigo alileta chupa. Zote zikaishia kwenye pikapu ya shangazi, kidogo kidogo, kila asubuhi, na kila nilipomimina nilijiona mwanamke mwenye kupendwa.

Sasa rudi nami pale kwenye boneti.

"Chupa ya nani, Sailensa?" Mjomba aliuliza tena, ingawa alikuwa analijua jibu.

"Ya Taratibu."

"Wewe umesoma. Oili inaweza kuzaa?"

"Haiwezi."

"Sasa ulipoambiwa inazaa, cheti chako kilikuwa wapi?"

"Kilikuwa kinamtazama," nilisema.

Mjomba alicheka mpaka akashika bampa. Mimi sikucheka. Kichwa changu kilikuwa kimerudi darasani kwa mbio, kimechelewa, kinahema.

Oili ikiongezeka yenyewe kwenye injini ya dizeli, kuna mahali dizeli inaingia. Kwenye lori la aina ile, mahali pa kwanza pa kutazama ni pampu ndogo ya mafuta, ile iliyofungwa ubavuni mwa injini, inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi na kuisukuma mbele. Ndani yake kuna mpira mwembamba unaopanda na kushuka. Mpira ukichanika, dizeli haiendi yote mbele. Nyingine inashuka chini, inaoga na oili.

"Harufu hukuisikia?" Mjomba aliuliza.

"Nilisikia. Nilidhani ni harufu yake."

Kila kitu cha Taratibu kinanukia dizeli. Shati, kofia, hata salamu. Nilikuwa nimeshaizoea, na acha niseme ukweli, nilikuwa nimeshaipenda.

"Basi mwanangu, huyo mtu anapanda mlima na mzigo wa saruji, na ndani ya injini hamna oili. Kuna uji. Vyuma vitasagana. Siku injini ikikaba kwenye kona ya juu, hatakuwa na lori." Hakuwa anatania tena. "Na yeye mwenyewe Mungu ndiye anajua. Lazima aambiwe leo."

"Mwambie wewe."

"Mimi? Mimi niliwahi kuletewa chupa?"

Mlango wa nyuma wa duka ulifunguka. Shangazi akatoka na funguo za pikapu zinalia mkononi.

"Mbona boneti iko wazi? Nina mzigo wa kupeleka. Na jana taa ya oili iliniwakia njia nzima kama jicho la mgonjwa."

"Oili imechoka, mama," alisema Mjomba. "Tunaimwaga, tunaweka mpya."

"Imechoka kwa kazi gani? Pikapu hii inalala kuliko mimi!" Alisogea, akachungulia injini kama mtu anayemchungulia mwizi. "Nikimjua aliyenitilia oili hiyo, fundi, nakuapia, ataimaliza kwa kijiko."

Mjomba alinitazama. Mimi nilitazama tairi.

Ndivyo nilivyonasa, msomaji wangu. Kumwambia Taratibu ni kumwambia kwamba zawadi zake zote zilikuwa uchafu. Kumnyamazia ni kumwacha apande mlima na kifo cha lori lake. Mtu mwenye ulimi angeona njia. Mimi ulimi wangu nilikuwa nimeuazima tu, na mwenyewe alikuwa ameshaurudia.

Honi ililia getini. Ndefu, ya upole, ya mtu asiyetaka kumsumbua mtu.

"Huyo," alisema Mjomba. "Haya. Sema."

Taratibu alishuka kwenye lori. Safari hii hakuleta chupa. Alileta dumu.

"Dada," alisema, na jicho moja likaanza kutabasamu, "limezaa mapacha."

Mjomba aligeuka ukutani, mabega yanamtikisika.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeshaipanga sentensi: kaka, usiliwashe tena lori lako, oili yako imeingiliwa na dizeli. Ni sentensi fupi. Hata mtoto wa chekechea angeimaliza.

"Kaka," nilisema.

"Naam."

"Pampu yako ndogo ya mafuta... ni ya siku nyingi?"

"Nililikuta nayo lori. Ilikuwa inadondosha dizeli kwenye kitundu cha chini, tone, tone. Nikakiziba."

"Kwa kitu gani?"

"Sabuni."

"Sabuni?"

"Ya kipande. Unaisugua ikiwa kavu, unaikandamiza, inaganda. Haijadondosha tena tangu siku ile." Alijisogeza kidogo, anaona aibu kujisifu. "Na ni siku ile ile lori lilianza kuzaa."

Mjomba aliacha kucheka. Mimi nilifumba macho.

Kitundu kile, wapendwa, kimewekwa kwa makusudi. Mpira wa ndani ukichanika, dizeli inatokea pale, inakuambia, bwana, nimepasuka. Ni mdomo wa pampu. Taratibu aliuziba kwa sabuni, na dizeli iliyokosa mlango wa nje ikatafuta wa ndani.

"Tuibadilishe," nilisema.

"Kwani inasumbua? Lori linavuta vizuri tu."

Sasa. Sema sasa.

"Imezeeka."

Taratibu alinitazama, akaangalia lori, akanitazama tena. "Ni wewe unayesema tuibadilishe?"

"Ndiyo."

"Basi ibadilisheni."

Hakuuliza zaidi ya hapo. Mtu anakukabidhi ng'ombe wake, nyumba yake na shamba lake, kwa sababu tu umesema ndiyo. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini uani kwetu kuna zege.

Nilifungua pampu ya zamani mwenyewe. Sabuni ilikuwa imekauka kitunduni, imekuwa nyeusi, ngumu kama kucha. Nikaipeleka pampu mezani, nikalegeza skrubu zake, nikafungua.

Mpira ulikuwa umechanika kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

"Kuna nini humo?" Taratibu aliuliza kutoka kwenye kivuli cha lori.

Nilikunja mpira nikautia mfukoni.

"Uzee tu," alijibu Mjomba badala yangu. "Hata sisi ndiko tunakoelekea."

Nikaingia dukani na pampu mbovu mkononi kutafuta mwenzake. Kwa lori lile pampu ya kiwandani haipatikani tena. Kiwanda kilishaacha kuitengeneza. Zilizopo ni za kampuni nyingine zinazotengeneza za kufanana nazo, na kati ya hizo kuna ndugu wa damu na kuna wanaofanana sura tu.

Shangazi alikuwa kaunta. Aliishika pampu niliyoileta, akaigeuza, akaenda rafuni bila kusita. Akarudi na boksi la rangi ya dhahabu lenye picha ya lori linaloruka juu ya mawingu.

"Hii."

Nilifungua boksi. Niliilaza pampu mpya ubavuni mwa ya zamani kaunta, nikalinganisha mikono yao, ule mkono wa chuma unaoingia ndani ya injini na kusukumwa kila injini inapozunguka. Wa mpya ulikuwa mfupi kwa upana wa ukucha.

"Hii hapana, shangazi."

"Unasemaje?"

"Hapana. Mkono wake mfupi. Hautasukumwa hadi mwisho. Bondeni lori litakwenda, mlimani litakosa pumzi."

"Upana wa ukucha tu?"

"Ukucha ndio utakaomzimishia lori mlimani."

Shangazi alilitazama boksi la dhahabu kwa masikitiko. "Limekaa rafuni linaniangalia muda mrefu hili. Nilitaka liende likaone dunia."

Akaleta ya pili, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, nyepesi kama toi. Mkono wake ulikuwa sawa. Niliziba kwa kidole gumba tundu la kuvutia, nikapiga kile kiwiko cha kupampu kwa mkono, nikasubiri. Pampu nzima inapaswa kukivuta kidole na kukishikilia. Hii ilikishika, ikafikiri, kisha ikakiachia kwa mlio mwembamba, fyuuu.

"Hii pia hapana. Inapoteza pumzi. Lori likilala usiku, asubuhi dizeli yote itakuwa imerudi kwenye tangi."

"Sasa unazipima kwa vidole kama maembe!"

Ya tatu ilikuwa chini kabisa, kwenye katoni ya kahawia isiyo na picha hata ya baiskeli. Ilikuwa nzito. Mkono ulilingana. Gasketi yake, ile karatasi ngumu ya kuziba kati ya chuma na chuma, ilikuwa ndani, imefungwa vizuri. Kitundu cha chini kilikuwa wazi, safi. Nikaziba, nikapampu. Ikaking'ang'ania kidole changu kama mtoto mwenye njaa, na nikahesabu moyoni hadi nikachoka, bado imekishika.

"Hii, shangazi."

"Hiyo faida yake ndogo."

"Ndiyo hii. Nyingine sizifungi kwenye lori lile."

Nilisikia maneno yangu yakirudi kutoka ukutani. Yalikuwa yametoka kwa sauti ya mtu mzima.

Shangazi aliegemea kaunta. Alinikagua kuanzia juu hadi chini kama spea asiyekumbuka alipoiagiza.

"Kumbe sauti unayo," alisema. "Sauti ya pampu unayo. Ya wateja huna. Ya kunisalimia asubuhi huna." Akaisukuma katoni kwangu. "Na lori lile ni la nani, mpaka linakutoa sauti?"

Nilitoka mbio.

Kufunga tulifunga vizuri. Hilo sitakubali mtu alitie doa. Nilikwangua gasketi ya zamani hadi chuma kikang'aa. Mjomba aliizungusha injini kwa mkono hadi mkono wa pampu ukaingia bila kulazimishwa. Nilikaza bolti moja kidogo, ya pili kidogo, nikarudi ya kwanza, kusudi pampu ikae sawa bila kuinama upande. Nikabadilisha na chujio la dizeli. Nikalegeza skrubu ya kutolea upepo, nikapampu kwa mkono. Yakatoka mapovu, mapovu, mate, kisha dizeli safi isiyo na povu. Nikaikaza.

Tulipofungua nati ya chini kumwaga oili, ilitoka mbio kama chai.

Taratibu aliinama kuchungulia. "Mbona nyepesi hivyo?"

"Joto," nilisema.

Mjomba, aliyekuwa amevaa koti na kofia ya sufu kwa baridi ya asubuhi ile, alikohoa.

Tukaweka oili mpya. Lori likawaka kwa mara ya kwanza tu, likanguruma sawasawa. Taratibu alisikiliza, akatikisa kichwa kwa furaha, kisha akanipa dumu lake.

"Usilisahau."

Nililipokea. Nilitembea nalo hadi nyuma ya gereji, nikalificha chini ya matairi mabovu, nikalifunika na gunia. Niliporudi lori lilikuwa limeshatoka getini, na Mjomba alikuwa amekaa juu ya tairi ananisubiri.

"Umemwambia?"

"Lori limepona."

"Sikuuliza lori."

Nilijiambia nimeshinda. Injini iko salama, zawadi haijatukanwa, na Taratibu hatajua kamwe kwamba alikuwa akiniletea sumu. Nani ameumia? Hakuna. Hivyo ndivyo sisi watu wa kunyamaza tunavyojidanganya. Tunadhani tusilolisema halipo.

Siku zikapita. Honi haikulia.

Nilijua amerudi kutoka safari, maana lori la bluu lilionekana kituo cha mafuta. Nikapima oili ya pikapu asubuhi, ikawa sawa, sikuwa na cha kuongeza. Mjomba alianza kunionea huruma, na Mjomba akikuonea huruma ujue hali ni mbaya.

Jana, basi, shangazi alitoka dukani akaja uani anajipepea kwa kifuniko cha boksi.

"Wewe, yule kijana wako wa bluu yuko kaunta."

"Si kijana wangu, shangazi."

"Basi huyo asiye wako anauliza kama tumeitupa pampu yake ya zamani. Anataka kuirudisha."

Spana ilinitoka mkononi. Safari hii si Mjomba aliyeiangusha.

"Pampu mpya inasumbua?"

"Nimemuuliza hivyo hivyo. Anasema inavuta vizuri kuliko zote. Anasema tatizo ni moja tu." Shangazi alisita, akajaribu kuiga sauti ya Taratibu bila kucheka, akashindwa. "Lori limeacha kuzaa."

Mjomba alijifuta mikono, akaingia dukani. Mimi nilibaki nyuma ya mlango. Ndiyo, nilisikiliza. Hata wewe ungesikiliza.

"Kaka," alisema Mjomba, "mtu harudishi pampu mbovu. Unaitaka ya nini?"

Taratibu akajibu pole pole, kama anayeshusha mzigo mmoja mmoja:

"Nipate cha kuleta."

"Cha kuleta wapi?"

"Hapa. Mtu haji kwa watu mikono mitupu, Mjomba. Sina mashairi. Sina maneno. Nilikuwa na oili."

Nilimsikia Mjomba akivuta kiti. Nadhani ni mara ya kwanza maishani alikosa utani.

"Aliyesema ibadilishwe ni yeye mwenyewe," Taratibu aliendelea. "Nilidhani ni pampu tu. Halafu nikapima kesho yake, sawa. Keshokutwa yake, sawa. Nikakaa nikafikiri. Mtu asiyetaka maji yako hakutukani. Anaufunga mfereji, kistaarabu. Na huyu ni mtu wa ustaarabu."

"Hapana, kaka, subiri..." Mjomba alianza.

"Nimeelewa. Msimsumbue. Kuna watu wa mbao ng'ambo ya mlima wananihitaji, nilikuwa nawazungusha. Leo nawapa jibu. Huko nitalala huko huko, njia hii sitaipita tena." Nikasikia funguo zikigonga kaunta. "Mwambie mama kwaheri. Asante kwa pampu. Ni pampu nzuri sana."

Wasomaji wangu, nimechagua pampu bora kuliko zote rafuni, nimeifunga bila kasoro, na kwa pampu hiyo hiyo nimemfukuza mtu pekee aliyewahi kunikumbuka akiwa na kitu kilichozidi.

"Unasubiri nini?" alisema shangazi, aliyekuwa bado amesimama uani ananitazama nikiwa nimejibandika mlangoni kama gasketi.

Nilipita dukani mbio. Nikampita Mjomba. Lori lilikuwa limeshawaka, linatetemeka kando ya barabara, na Taratibu alikuwa ameshashika usukani.

Nilikanyaga ngazi ya mlango, nikajivuta juu, nikashika kioo cha pembeni.

"Zima gari!"

Alinitazama kama aliyesikia lori lenyewe likiongea. Akalizima.

"Oili yako ilikuwa dizeli," nilisema.

"Nini?"

"Mpira wa pampu ulichanika. Sabuni yako ikaziba mahali pa kutokea. Dizeli ikawa inaingia kwenye oili, ndiyo maana ikawa inaongezeka. Haikuwa inazaa, kaka. Ilikuwa inaharibika. Ungepanda mlima mara moja mbili zaidi, injini ingekaba."

Alitazama mikono yake juu ya usukani.

"Kwa hiyo nilikuwa nakuletea uchafu."

"Ndiyo."

"Chupa zote?"

"Zote. Na dumu."

"Na wewe ulikuwa unapokea."

"Nilikuwa napokea."

"Ukizipeleka wapi?"

Sikufikiri. Ningefikiri nisingejibu. "Nilikuwa natia kwenye pikapu ya shangazi."

Nyuma yangu, mlangoni mwa duka, kifuniko cha boksi kiliacha kupepea.

"Pikapu ya nani?" ilisema sauti ya shangazi.

Sikugeuka. Nilijua nikigeuka tu, sauti itashuka tena kooni na haitapanda mwaka huu. Taratibu alikuwa ameinamisha kichwa, anaupapasa ufunguo wa lori bila kuuzungusha.

"Ungeniambia siku ile," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe binti! Pikapu ya nani, nimeuliza?" Viatu vya shangazi vilikuwa vimeshaanza kushuka ngazi za duka.

"Niliogopa," nilimwambia Taratibu, kwa sauti iliyowafanya watu wa duka la jirani watoke nje. "Niliogopa ukijua oili haifai, hutakuwa na sababu ya kuja. Mimi oili naiuza, kaka, imejaa rafuni. Njoo mikono mitupu. Njoo hata kama lori halijazaa kitu. Mimi nilikuwa nakungojea wewe."